Miaka Miwili Nyuma ya Akaunti ya Staa, na Kazi Yote Niliifanyia Ndani ya Kontena

Kuna akaunti moja ya msanii mkubwa hapa Bongo ambayo kwa miaka miwili na ushee, karibu kila ulichokisoma pale nilikiandika mimi. Zile "asubuhi njema familia" zilikuwa zangu. Lile dongo kwa mwenzake, ambalo mlilichambua wiki nzima mkasema "hapa kaongea kwa uchungu", nililiandika nimekaa kitandani nakula muhogo wa kukaanga. Jina nalihifadhi, kwa hiyo msianze kubahatisha kule kwenye komenti. Hata mkipatia sitajibu. Humu tumwite Bosi.

Stori za bifu mnazo za kutosha. Leo nataka niwape ya kompyuta niliyokuwa naifanyia kazi ile, maana ndiyo iliyonisimamia siku wimbo ulipovuja. Ilikuwa kompyuta nzima, yenye menyu yake, brauza yake, folda zake na saa yake, ila huwezi kuishika. Ilikuwa ndani ya laptopu yangu, ndani ya kitu kinaitwa kontena, na mimi nilikuwa naiona kupitia tabu ya brauza, kama unavyoangalia video.

Ukiwa mtu wa mitandao wa staa unashika vitu vizito kuliko watu wanavyodhani. Paswedi za akaunti zote. Barua pepe ya kazi. DM, ambazo siku zikifunguliwa kuna ndoa tatu nne hapa mjini zitakuwa matatani. Picha ya pasipoti kwa ajili ya viza. Mikataba. Vyote vinafika kwako kwa lugha ya "nimekutumia, cheki". Hakuna anayekuuliza unavihifadhi wapi.

Mimi nilikuwa na laptopu moja ya mtumba, RAM giga 8, na nilikuwa nachangia na mdogo wangu aliyekuwa chuo anasomea mambo hayo hayo ya kompyuta. Upande wangu kulikuwa na picha za familia, hesabu za kikoba chetu, majibu ya vipimo vya mama yangu kutoka hospitali, na barua za kuomba kazi sehemu nyingine, maana mshahara wa Bosi ulikuwa unakuja kwa msimu kama maembe. Upande wa dogo kulikuwa na mambo ya dogo. Ukimwaga na vya Bosi humo humo, unapata pilau.

Ajali kubwa ya kazi yetu mnaijua. Mtu anadhani yuko kwenye akaunti yake, anaandika "jamani mwenye nyumba kanigongea tena", kumbe kaposti kwa staa. Nimewaona wenzangu wakipoteza kazi kwa kosa la sekunde nne la aina hiyo, na kabla hawajafuta watu wameshapiga skrinishoti.

Simu ya pili? Nilipewa. Mwezi wa pili Bosi akaichukua kwa sababu yake ilianguka. Kufungua profaili nyingine kwenye brauza kunasaidia, ila mafaili yote yanashukia folda ile ile, na ukikopi kitu upande huu unaweza kukibandika upande ule hujui umefanya nini. Kufungua yuza wa pili kwenye laptopu ni njia nzuri, na kwa wengi wenu inatosha kabisa. Mimi nilitaka kitu ninachoweza kukifunga usiku, kukihamisha laptopu ikikata roho, na siku kazi ikiisha kukifuta chote kwa mkupuo, kipande kisibaki.

Dogo ndo akasema, "Dada, si umjengee kontena lake?"

Kontena nililokuwa nalijua mimi ni lile la bandarini, na lile linaloletwa mtaani likatobolewa dirisha, likapakwa rangi, ndani mtu anasuka nywele. Akacheka, akasema hujakosea sana.

Alinieleza hivi, na mpaka leo ndivyo ninavyowaeleza watu. Kupata kompyuta ndani ya kompyuta kuna njia mbili. Ya kwanza ni kujenga nyumba nzima ndani ya uwanja wako: msingi wake, paa lake, mita yake. Hiyo wanaiita mashine pepe. Inabeba mfumo mzima mpaka ule moyo unaoongea na vyuma, ambao wataalamu wanauita keneli. Ni nzuri, ila laptopu ya giga 8 inahema. Ya pili ni nyumba ya kupanga. Nyumba moja, vyumba vingi. Kila mpangaji ana mlango wake na kitanda chake, akifunga haoni cha jirani, ila wote mnatumia mita moja ya LUKU na bomba moja. Kontena ndo hicho chumba. Keneli ni ile ile ya laptopu, hakuna iliyozaliwa ya pili, kwa hiyo linawaka kwa sekunde chache na halili sana. (Laptopu yetu dogo alishaiwekea Linux muda mrefu. Kwenye mifumo mingine Docker inabidi ianze kwa kujenga ile nyumba ya kwanza, ndipo ipange vyumba ndani yake.)

Linux ina mambo mawili yanayofanya kazi hiyo. Moja linamfanya mpangaji asiwaone wenzake: akiangalia orodha ya programu zinazotembea anaona zake tu, akiangalia mafaili anaona yake tu, mpaka jina la mashine anapewa lake. Jingine, lililoanzishwa na mainjinia wa Google na kuingia rasmi kwenye keneli mwaka 2008, ni kama mama mwenye nyumba anayesema "wewe jiko la umeme hapana". Linaweka kikomo cha RAM na cha prosesa. Sisi tulilipa kontena la Bosi giga 3, basi. Yote hayo yalikuwepo lakini kuyatumia ilikuwa kazi ya watu wachache, mpaka Docker ilipotoka mwaka 2013 ikafanya iwe amri moja au mbili. Siku hizi seva nyingi za hizi app tunazoshinda nazo zinaishi kwenye makontena.

Seva, lakini. Kontena limezoea kubeba programu moja isiyo na sura, inayojibu maswali kimya kimya huko iliko. Kuliwekea deskitopu, yaani menyu, madirisha, picha ya nyuma na kishale cha mausi, ni kama kupaki daladala sebuleni. Dogo alipowaambia wenzake wa chuo walimcheka kwenye grupu siku nzima. Mmoja akaandika kwamba huo ni uvaaji wa suti kwenda kuoga.

Sasa kama kontena halina kioo, utaonaje hiyo deskitopu? Kwenye Linux, kazi ya kuchora madirisha inaweza kufanywa na programu inayoitwa seva ya X, na kuna aina yake ambayo haihitaji kioo cha kweli. Inachora hewani, kwenye kumbukumbu tu, halafu inatuma picha kwa njia ya VNC, teknolojia iliyozaliwa kwenye maabara moja pale Cambridge, Uingereza, miaka ya 1990. Juu yake unaweka noVNC, inayoifanya picha hiyo iingie kwenye brauza ya kawaida. Kwa hiyo unafungua tabu mpya, unaandika anwani ya laptopu yako mwenyewe na namba 6080, unaweka paswedi, na kompyuta ya pili inakutokea hapo katikati ya YouTube na barua pepe. Siku ya kwanza nilikaa nasogeza madirisha tu, nafungua nafunga, kama mtoto kapewa rimoti.

Ndani tuliweka Debian, na deskitopu yenyewe ni Xfce, nyepesi, imekuwepo tangu 1996. Nembo yake ni panya. Dogo akaibatiza palepale "Kwa Panya" na jina likakaa. "Dada uko wapi?" "Niko Kwa Panya." Mama yetu kwa muda mrefu alidhani ni baa.

Nisiwadanganye kwamba kila kitu kilikuwa laini. Kontena linakuja tupu, hata fonti za emoji hazimo. Fikiria unamfanyia kazi mtu ambaye nusu ya sentensi zake ni moto na mikono inayoomba, halafu wewe unaona viboksi vitupu. Kuna paketi ya fonti za Noto, ukiiweka wanarudi wote. Saa nayo: kontena usipoliambia liko wapi linajiona liko UTC, nyuma yetu masaa matatu. Bosi akisema "posti saa mbili usiku", simu inasema 20:00, Kwa Panya inasema 17:00. Waswahili tayari tuna saa zetu, tukiongeza na ya tatu tutakutana wapi? Tukaliandikia Africa/Dar_es_Salaam, likatulia.

Brauza ndo ilikuwa na mambo. Ukiweka Ubuntu kwenye kontena na kuomba Firefox kwa njia ya kawaida, tangu toleo la 22.04 unaletewa ile ya snap, na snap haielewani na maisha ya ndani ya kontena. Ndo sababu ya kwenda Debian, kule Firefox inakuja kienyeji tu. Halafu kuna kumbukumbu ya pamoja ambayo vipande vya brauza huitumia kupeana vitu, na Docker kwa kawaida inaitoa megabaiti 64. Kwa brauza ya leo hicho ni kijiko cha chai kwenye msiba wa watu mia. Kurasa nyepesi zinafunguka, ukifika kwenye zenye video tabu inakufa. Unaongeza maneno machache kwenye amri ya kuliwasha, unaipa giga 1, na vifo vinakoma. Sauti hatukuipata, VNC yetu ilibeba picha tu, nyimbo nikawa nasikilizia simuni. Na kitufe cha kuzima kwenye menyu kilikuwa pambo, kama swichi ya feni ukutani wakati feni yenyewe hakuna.

Ila kuna kero moja niliiacha kwa makusudi. Kukopi maneno kutoka upande wa laptopu kwenda Kwa Panya hakuendi moja kwa moja. noVNC ina kipaneli pembeni: unabandika humo kwanza, ndipo ndani kule unabandika tena. Hatua mbili kila mara. Wiki ya kwanza ilinichosha. Baadaye nikaona kwamba kila kilichovuka kutoka kwangu kwenda kwa Bosi kimevuka kwa sababu nimekibeba kwa mkono wangu, hakuna kilichoponyoka. Usiku nikimaliza nafunga tabu, nalisimamisha kontena, na Bosi anaondoka nyumbani kwangu. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kuwa mtu mwingine kutwa nzima, hiyo ilisaidia kichwa kuliko ilivyosaidia laptopu. Kuna kipindi nilikuwa naanza kumjibu mama yangu kwa maneno ya Bosi. "Nakupenda sana shabiki yangu namba moja." Mama akaniuliza kama nimekula.

Mambo mawili lazima niyaseme kwa atakayejaribu. Chumba na sanduku ni vitu tofauti. Ukilisimamisha kontena, vilivyomo vinabaki. Ukilifuta, kila kilichoandikwa ndani yake kinakwenda nalo, isipokuwa ulivyoweka kwenye folda maalumu ambayo Docker inaitunza pembeni, nje ya kontena. Sisi tuliiita sanduku. Chumba tulikuwa tunakibomoa na kukijenga upya kila Firefox ilipotoa toleo jipya, kisha tunaingiza sanduku lile lile, na kila kitu kinakuwa palepale tulipokiacha.

La pili ni mlango. Docker usipoiambia vingine inaufungua kwa mtandao mzima. Ukitaja 6080 peke yake, mtu yeyote mliye naye kwenye Wi-Fi moja anaweza kuja kubisha, na ile paswedi ya VNC ya kizamani inahesabu herufi nane za mwanzo tu, zinazobaki ni urembo. Ukiweka 127.0.0.1 mbele ya namba, mlango unafunguka kwa ndani ya laptopu tu. Kwenye ziara tulikuwa tunalala hoteli moja watu thelathini: madansa, wapiga picha, wapambe na wapambe wa wapambe, wote Wi-Fi moja. Katika yote niliyoandika humu, hiyo namba ndiyo ya kuishika. Na msije mkadhani hii ni benki. Keneli ni moja, ikipata tundu vyumba vyote viko hatarini, na mwenye laptopu ni mama mwenye nyumba, ana funguo zote. Dogo angetaka kuingia angeingia. Nilimwamini, hiyo siyo teknolojia.

Halafu wimbo ukavuja.

Siku tatu kabla ya kutoka, tumeshamwaga hela ya matangazo, tunaamka asubuhi uko kwenye magrupu ya WhatsApp nchi nzima. Ulikuwa umehifadhiwa mtandaoni kwenye akaunti ya kazi, na wenye paswedi ya akaunti hiyo tulikuwa sita. Watano ni ndugu wa Bosi au watu wa kitaa chake tangu utoto. Wa sita mimi.

Jumapili jioni nikaitwa nyumbani kwake. Sebule imejaa, hakuna aliyenikaribisha soda, na hiyo peke yake ilikuwa taarifa. Bosi yuko kwenye kochi anaangalia simu. Meneja akaanza, "Dada, siyo kwamba tunakushuku." Nyie mnajua sentensi inayoanza hivyo inavyoishia. Ikaishia, "tunaomba tuone laptopu."

Nikaiweka mezani. Nikasema vitu vyote vya Bosi viko humu, nikaliwasha kontena, nikafungua tabu, nikaweka paswedi, nikaipanua ikajaa kioo kizima. Mmoja wa madansa akauliza, "Sasa hii ni laptopu ya nani?" Nikawapitisha folda moja moja. Picha za shoo. Mikataba. Pasipoti. Wimbo wenyewe? Kipande cha sekunde thelathini nilichotumiwa kwa ajili ya tiza, mwisho. Mikono yangu ilikuwa imelowa jasho mpaka kishale kinaruka.

Meneja akataka tuone orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye ile akaunti. Hapo Kwa Panya ikafanya kitu ambacho hata mimi sikukipanga. Timu nzima ilikuwa inaingia kwa simu, na kwenye orodha simu zinafanana fanana. Mimi peke yangu nilikuwa naonekana kama Linux, Firefox. Ukiniangalia unanijua. Linux iliingia mara ya mwisho siku nne kabla. Juu yake simu, simu, simu, na moja ilikuwa ya saa tisa usiku, usiku ule ule wa kuvuja. Sebule ikawa kimya kama kwenye lifti.

Kwa haki kabisa, hiyo haikuthibitisha kitu. Ningeweza kuwa nimeingia kwa simu ya jirani. Meneja siyo mjinga, alilisema hilo hilo, kisha akasema, "Basi tuone na upande wako wa laptopu."

Upande wangu. Kwenye majibu ya hospitali ya mama yangu, ambayo hata mashangazi zangu walikuwa hawajaambiwa. Kwenye barua za kuomba kazi, na moja, naomba mnielewe, ilikuwa inakwenda kwenye ofisi ya yule mwenzake wa dongo.

Nikasema hapana. Sauti ilitetemeka, haikuwa kama kwenye filamu. Nikasema vya Bosi vyote nimewafungulia mmeviona mpaka mwisho, huku kwingine ni kwangu. Na nimelifikiria hili mara nyingi tangu siku ile: bila chumba cha peke yake nisingekuwa na pa kuisimamisha sentensi hiyo. Utamwambiaje mtu aliyekasirika aangalie folda hii asiangalie ile, wakati zimelala kitanda kimoja? Ungekuwa unapekuliwa moja kwa moja, kuanzia mkataba wa Bosi mpaka picha ya mama yako ana dripu mkononi, na ukisema simama unaonekana una la kuficha. Mimi nilikuwa nimeshatoa kila kilicho chao. Walichokuwa wanaomba pale kilikuwa changu, na kila mtu sebuleni aliona hivyo, hata Meneja, maana aliangalia pembeni kabla ya kurudia.

Kabla hajamaliza, mama yake Bosi akatokea mlango wa jikoni na kanga kifuani. Sikujua alikuwa anasikiliza. Akasema, "Nyie. Mtoto wa watu kawafungulia ofisi, mnataka na chumbani kwake mwingie?"

Kikao kikaisha hapo.

Aliyevujisha alijulikana wiki mbili baadaye, ni wa humo humo ndani, na kwa sababu ni wa humo humo ndani hakuna kilichofanyika. Mimi niliombwa radhi kwa emoji, saa nane usiku, ile ya mikono inayoomba. Angalau haikuwa kiboksi.

Niliondoka miezi mitano baada ya hapo, kwa amani, mshahara wa miezi miwili ukiwa bado "unashughulikiwa". Kijana aliyenirithi hakutaka habari za Linux, kwa hiyo nilimkopia mafaili yote kwenye diski ya nje, paswedi tukazibadilisha akiwa amekaa pembeni yangu ili mimi nisizijue. Ikabaki kufuta. Mama yake Bosi akasema anataka kuona kwa macho yake.

Nikaenda asubuhi. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, kaa." Nikamweleza habari ya chumba na sanduku kama nilivyowaeleza nyie, akatikisa kichwa, amepangisha vyumba maisha yake yote, alielewa haraka kuliko wale vijana wa chuo. Nikalisimamisha kontena. Nikaandika amri ya kulifuta. Docker haina sherehe, inakujibu kwa kurudia jina la ulichokifuta, basi. Ikaandika: kwa-panya.

"Ndo limeisha?"

"Chumba kimeondoka mama."

"Na sanduku?"

Nikaandika amri ya pili. Ikajibu: sanduku.

Akasogea karibu na kioo, akavaa miwani, akasoma yale maneno mawili. "Hivyo tu? Miaka miwili yote ile?"

"Hivyo tu mama."

Kwa wajuaji walio tayari kunisahihisha: najua kufuta hivyo siyo kusaga, diski inaweza kubaki na mabaki, na nilikuwa nimeifunga nzima kwa usimbaji tangu mwanzo. Mama yule sikumweleza hayo. Alinifungia maandazi kwenye mfuko, akanisindikiza mpaka getini, na pale getini akaninong'oneza kwamba Meneja naye hayupo tena.

Ile barua kwa yule mwenzake haikujibiwa, kama mnajiuliza. Sasa hivi nina wateja watatu na hakuna hata mmoja ambaye ni staa: mpishi wa keki, dada wa mekapu, na jamaa anayeuza viatu vya mtumba. Kila mmoja ana chumba chake na sanduku lake. Nimewapa picha za nyuma za rangi tofauti ili jicho lijue liko kwa nani kabla mkono haujaandika: wa keki waridi, wa mekapu nyeusi, wa viatu kijani. Laptopu ni ile ile, kwa hiyo nawasha wawili kwa wakati mmoja, wa tatu anasubiri. Wa keki analipa tarehe 28 kila mwezi bila kukumbushwa. Juzi kaniuliza kama hiki chumba chake kinaweza kuonyesha na DM za mume wake. Nikamwambia hiyo ni kazi nyingine, na mimi siifanyi.